Shahada ya Bahari na Deni la Nchi Kavu

Barua ya tatu ilimkuta Kasa ameshika jodari kwa mkia. Alikuwa ndani ya maabara ya kiwanda cha samaki, chumba kidogo cha vigae vyeupe kilichobanwa kati ya ghala la barafu na ukumbi wa kukatia minofu. Kazi yake asubuhi hiyo ilikuwa ileile ya kila asubuhi: kuchota kipande cha nyama karibu na uti wa mgongo, kukisaga, kukipima, kuandika. Mlinzi wa getini hakuingia. Harufu ya dawa za maabara ilikuwa inampandishia mafua, kwa hiyo aliisukuma barua chini ya mlango.

"Daktari wa Samaki!" akaita kutoka nje. "Una barua ya wakubwa. Imepigwa muhuri mpaka mgongoni!"

Kasa akamlaza jodari mezani. Hakuwa daktari wa kitu chochote. Hilo lilikuwa jina la mzaha la pale kiwandani, na likija siku njema alicheka nalo. Jina la Kasa alipewa na marehemu baba yake utotoni, kwa sababu kila alipogombezwa alikuwa anaingiza shingo ndani ya kola ya gauni mpaka yanabaki macho tu, kama kasa aliyeguswa mgongo. Sasa ana miaka ishirini na saba, na pale mbele ya bahasha akagundua kidevu chake kimeshazama ndani ya kola ya koti jeupe.

Barua ya kwanza ilikuwa imeandikwa "tunakukumbusha." Ya pili, "tunakutaka." Zote mbili zilikuwa kabatini, chini ya maboksi ya glavu, mahali ambapo hakuna mtu mwingine aliyekuwa na shida ya kuchokonoa. Hii ya tatu ilisema "tunakuarifu." Ofisi ya mikopo ya wanafunzi ilimwarifu kwamba malimbikizo yake yamefikia kiwango kisichovumilika, kwamba jumla ya deni ni milioni kumi na nne na laki tatu, na kwamba asipojitokeza ndani ya siku kumi na nne, ofisi itawasiliana na mdhamini wake na kuanza taratibu juu ya dhamana aliyoiweka.

Alisoma neno "mdhamini" mara tatu. Kijasho chembamba kikamtoka, na chumba kile kilikuwa na baridi ya kumfanya mtu avae sweta mwaka mzima.

Mdhamini wake alikuwa baba yake mdogo, fundi wa majokofu ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Baridi. Baba yake Kasa alipofariki na mama yake akaolewa mji mwingine, Mzee Baridi ndiye aliyemchukua, akamlea pamoja na binti yake wa kumzaa, akamsomesha kwa pesa ya gesi na kompresa. Karakana yake ilikuwa juu ya kiwanja kidogo kwenye mtaa wa mafundi: chumba kimoja cha matofali, kibaraza cha mabati, na majokofu ya watu yamepanga foleni nje kama wagonjwa wa zahanati. Alikinunua kiwanja hicho kwa miaka kumi na mmoja ya kujinyima. Kasa alipopata nafasi ya kusoma sayansi ya bahari chuo kikuu na ofisi ya mikopo ikadai dhamana, mzee alitoa hati ya kiwanja kutoka kwenye bati la biskuti, akaipangusa kwa mkono wa shati, akaiweka mezani. Kisha akasaini.

Wakati huo hakuna aliyeuliza mshahara wa mtaalamu wa bahari ni kiasi gani. Lingekuwa swali la kukosa adabu. Mwalimu wa sekondari alikuwa amemwonyesha Kasa tone la maji ya bahari kwenye hadubini, na ndani yake vilikuwa vinatembea viumbe vidogo kama vioo, na basi, binti akaisha habari yake. Kijitabu cha chuo kilisema wataalamu wa bahari wanahitajika kila pembe ya dunia. Kasa alikuja kufahamu baadaye kwamba pembe aliyosimama yeye haikuwemo. Alimaliza shahada, akakaa miezi kumi bila kazi, akatuma maombi mpaka akajua kwa moyo anwani za ofisi zisizojibu, ndipo akapata hii ya kiwandani. Ilikuwa kazi ya heshima. Mshahara ukishakatwa kodi ulibaki laki tano na nusu.

Marejesho yalipoanza, ofisi ilitaka laki mbili na elfu kumi kila mwezi. Alilipa miezi miwili kwa kula mlo mmoja kwa siku. Mwezi wa tatu chumba alichopanga kikapandishwa kodi, akaruka. Wa nne akaona aibu kwenda kueleza kwa nini aliruka wa tatu. Hivyo ndivyo ilivyokwenda, aibu juu ya aibu, mpaka ikawa hofu, na hofu ikawa na tabia zake: simu ya namba ngeni hapokei, akiona mtu amevaa shati la mikono mirefu na kubeba faili anavuka barabara, akiulizwa na baba yake mdogo, "Na lile jambo letu la mkopo linaendaje?" anajibu, "Linakwenda tu, Baba mdogo," na kugeuza mazungumzo.

Miezi kumi na minne ilikuwa imepita namna hiyo.

Kesho yake baada ya barua, simu ikalia. Ilikuwa namba ya Mzee Baridi, na Kasa akajua wameshampigia. Akaketi juu ya ndoo ya sampuli.

"Shikamoo, Baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu! Umeketi? Keti kwanza." Sauti ya mzee ilikuwa inacheka. "Sindano amepata nafasi chuoni. Sayansi ya bahari, kama wewe! Barua imefika leo. Hapa mama yako mdogo anaruka kama mtoto aliye katikati ya kamba."

Sindano alikuwa binti wa Mzee Baridi, miaka kumi na tisa, mwembamba na mwenye ulimi usiokuwa na ala, ndiyo maana ya jina.

"Hongera," Kasa akasema. Neno lilimtoka kavu kama gamba.

"Sasa fomu za mkopo mwisho wake Jumatatu. Nimemwambia, mimi ni fundi wa majokofu, najua baridi tu. Anayejua bahari ni dada yako. Njoo Jumapili utueleze vizuri. Inalipa, hailipi? Ukisema ndiyo, mimi nasaini kama nilivyosaini yako. Wewe neno lako ndilo la mwisho, mwanangu."

Simu ilipokatika Kasa alibaki amekaa juu ya ndoo. Alikuwa anaogopa kitu kimoja. Sasa vimekuwa viwili, na cha pili kilikuwa na sura ya Sindano.

Mchana huo, badala ya kula, alichukua karatasi ya matokeo ya sampuli, akaigeuza, akaandika mgongoni. Kodi ya chumba laki moja na nusu. Nauli elfu tisini. Chakula laki moja na elfu sitini. Mama, elfu hamsini, ambayo mama yake hakuwahi kuiomba wala kuacha kuishukuru. Maji, umeme na simu, elfu arobaini. Alijumlisha, akatoa. Zilibaki elfu sitini, kama mwezi hauna homa, kiatu hakichaniki, na hakuna aliyefiwa. Alitazama zile elfu sitini, akatazama milioni kumi na nne na laki tatu. Kisha akaikunja karatasi ikawa ndogo sana, kana kwamba tarakimu nazo zingepungua.

Kwenye bandari iliyokuwa mkabala na kiwanda kulikuwa na kampuni ndogo ya kusafisha na kukagua matumbo ya meli. Walikuwa wanatafuta mpiga mbizi anayeweza pia kutambua viumbe wanaoganda chini ya meli na kuwaandikia ripoti. Malipo yalikuwa laki moja na elfu ishirini kwa siku, siku kumi hadi kumi na mbili kwa mwezi. Kasa aliyajua malipo hayo tangu miezi sita nyuma. Cheti cha kupiga mbizi alikuwa nacho. Kilikuwa sehemu ya shahada. Shida ni kwamba alikipata mwaka wa tatu na tangu siku hiyo hajarudi chini ya maji.

Siku ile ya mafunzo, mita kumi na mbili chini, mpira wake wa hewa ulinasa kwenye wavu uliotupwa. Alivuta pumzi ikaja nusu, akavuta tena haikuja. Mwenzake alimkata kwa kisu ndani ya muda ambao baadaye waliambiwa ni sekunde ishirini. Yeye hakuiamini hesabu hiyo kamwe. Alipewa cheti, akapigiwa makofi, na usiku wa siku hiyo alilala na taa inawaka. Mtaalamu wa bahari anayeogopa bahari: siri hiyo hakuwahi kumwambia mtu, kwa sababu ilikuwa inachekesha mno.

Alifikiri hivi: akipita majaribio Jumamosi, Jumapili atakwenda kwa baba yake mdogo na mkataba mkononi. Atasema inalipa na hatakuwa amesema uongo. Akampigia msimamizi wa wapiga mbizi.

Msimamizi alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mnene wa mabega, sikio moja halisikii kwa sababu ya miaka mingi ya kwenda chini, kwa hiyo alizungumza na kila mtu kama anamwita ng'ambo ya pili. Watu wake walimwita Zege. Jumamosi saa mbili asubuhi alimpokea Kasa kwenye gati, akamtazama juu mpaka chini.

"Wewe ndiye msomi?" akafoka, na hakuwa na hasira, ndiyo sauti yake. "Hapa hatutaki wazamiaji wa harusini, wanaozamia kula pilau tu. Chini kuna kazi. Mara ya mwisho umezama lini?"

"Ni... siku kidogo zimepita."

"Kidogo kama mwezi, kidogo kama mwaka?"

"Kama mwaka," Kasa akasema. Ilikuwa mitano.

Walimvalisha. Mtungi ulikuwa mzito kuliko alivyoukumbuka, na mkanda wa vipande vizito vya risasi kiunoni ukamvuta kuelekea ardhini hata kabla ya kuingia majini. Meli ilikuwa ya mizigo, imesimama kama ukuta wa gereza. Kazi ya majaribio ilikuwa rahisi kuitamka: ashuke pamoja na Zege wakiwa na kamba, apite chini ya tumbo la meli kutoka upande mmoja mpaka wa pili, achukue sampuli tatu, wapande.

Mita tatu za kwanza alikuwa sawa. Aliziona nyuzi za jua, akaona samaki wadogo, akajiambia, mbona si neno. Kisha wakaingia chini ya meli.

Mwanga ulikatika kama mlango uliofungwa. Juu ya kichwa chake, badala ya maji na hewa, kulikuwa na chuma, chuma bila mwisho, kimeota manyoya ya mwani na makombe yenye makali. Taa yake ilifika hatua mbili tu, halafu ikamezwa na ukungu wa matope. Mahali fulani ndani ya meli mashine ilikuwa inanguruma, na mngurumo ule hakuusikia kwa masikio bali kwa meno. Akaanza kuhesabu, kama walivyofundishwa: vuta, moja, mbili, tatu; toa. Lakini hesabu ikateleza. Vuta, milioni kumi na nne. Toa, laki tatu. Vuta, kiwanja. Akatazama kipimo cha hewa. Mtungi wa dakika arobaini alikuwa ameunywa nusu kwa dakika tisa. Kuona hivyo akavuta haraka zaidi. Mkono ukagusa kitu laini, akaruka, kichwa kikagonga chuma, na pale akili yote ikamtoka. Alikumbatia ubavu wa meli kwa mikono miwili, makombe yakimchana viganja, macho yamefumbwa, akisubiri hewa ije nusu.

Mkono mpana ukamkamata kifundo cha mguu. Zege hakumvuta. Alimshika tu, akaugonga mtungi wake mara moja, mara mbili, taratibu, mpaka Kasa akafumbua macho. Wakarudi walikotoka, wakapanda polepole, polepole mno, na Kasa alipotoa kichwa nje alitapika maji ya chumvi palepale mbele ya kampuni nzima.

Baadaye, akiwa amejifunika taulo kwenye gati, viganja vimefungwa bandeji, alisema, "Nipe wiki moja. Nitazoea."

"Hapana."

"Mzee, nakuomba. Nina deni. Si deni la kuchezea."

Hapo Zege akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya: alishusha sauti.

"Nilikuwa na kijana mwenye deni," alisema. "Alikuwa anajua maji kuliko samaki. Nikivuta kamba kumwita juu, yeye anavuta mara mbili, maana yake bado kidogo. Kila siku bado kidogo. Analipwa kwa mita, unajua. Siku moja nikavuta, hakujibu." Akasugua sikio lake bovu. "Tangu hapo nikimhoji mtu namuuliza kuhusu deni kabla ya cheti. Wewe sikukuuliza. Kosa langu. Nenda nyumbani, binti yangu."

Alimpa nauli. Kasa aliipokea, maana alikuwa anaihitaji, na hilo ndilo lililomliza njiani kuliko yote.

Jumapili alifika kwa Mzee Baridi saa saba mchana. Chakula kilikuwa mezani, mezani penyewe pamefutwa mpaka panang'aa, na katikati, mahali pa sahani kubwa, palikuwa na fomu ya mkopo ndani ya mfuko wa plastiki ili isiguswe na mchuzi. Mama mdogo alimkumbatia, akaona bandeji.

"Mikono imefanya nini?"

"Kazini, Mama mdogo. Makombe."

"Pole. Bahari nayo ina makucha!"

Walikula. Mzee Baridi alisimulia jinsi alivyomwambia mteja wa jokofu la bucha kwamba sasa atakuwa na wataalamu wawili wa bahari nyumba moja, na mteja akamuuliza kama basi atapunguziwa bei ya samaki. Akacheka mwenyewe mpaka akatoa miwani. Kisha akanawa, akavuta ile fomu, akaigeuzia upande wa Kasa.

"Haya, mwanangu. Tuambie."

Kasa akafungua mdomo. Neno "inalipa" lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Lilikuwa linaomba tu kutoka. Ila macho yake yalikuwa yameshashuka kwenye fomu. Sindano alikuwa ameijaza kwa mwandiko wake wa kujibana. Mdhamini wa kwanza: jina la baba. Dhamana: kiwanja cha karakana. Mdhamini wa pili, mtu mwenye ajira ya kudumu: jina lake, Kasa, jina kamili la kwenye vyeti, na mbele yake nafasi ya saini.

"Kiwanja hiki," akasema, "hakiwezi kuandikwa hapa."

"Kwa nini? Ni changu."

"Baba mdogo, sijalipa. Sijalipa miezi kumi na minne."

Mama mdogo aliyekuwa anakusanya sahani akasimama nazo mkononi. Kasa hakusubiri aulizwe. Alijua akinyamaza hataweza kuanza tena. Akamwaga yote. Barua tatu, siku kumi na nne ambazo sasa zilibaki nane, mshahara, kodi, nauli, elfu sitini zinazobaki na laki mbili na elfu kumi zinazotakiwa. Alipofika kwenye milioni kumi na nne na laki tatu, Mzee Baridi alisimama. Alichukua funguo msumarini, akatoka.

Karakana ilikuwa hatua mia mbili kutoka nyumbani. Walisikia, au walidhani wamesikia, mlango wa bati ukifunguliwa. Jumapili. Mzee hakuwahi kufungua Jumapili.

"Ungeniacha nisaini," Sindano alisema. Alikuwa amebaki kwenye kiti chake, mikono chini ya mapaja. "Dada, kama mimi nisingepata nafasi chuoni, ungesema lini?"

"Sijui."

"Ungenyamaza mpaka waje na makufuli."

"Sijui, Sindano. Nilikuwa naogopa."

"Mimi deni siliogopi," Sindano akasema. "Naogopa kuwa kama wewe. Mtu mzima, ana shahada, simu ikilia anaitazama kama nyoka. Ulidhani hatuoni?"

"Wewe!" mama yake akamkemea. Lakini lilikuwa limeshasemwa, na lilikuwa kweli.

Kasa akajikaza, akamfuata baba yake mdogo. Kila hatua aliiona ndefu. Akamkuta amepiga magoti mbele ya jokofu lililofunguliwa mgongo, bisibisi mkononi, lakini alikuwa hafungui wala hafungi kitu. Bisibisi ilikuwa inatetemeka. Kasa alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Kwa jambo hilo hakuwa amejiandaa. Katika maisha yake hakuwahi kumwona mtu huyu akiogopa.

"Kila asubuhi nafungua hapa," Mzee Baridi alisema bila kugeuka, "naweka redio, nafagia, najisemea, hapa ni pangu, hakuna wa kunitoa. Miezi kumi na minne nimekuwa najidanganya na hakuna aliyeniambia."

"Nisamehe, Baba mdogo."

"Pesa nisingekuwa nayo hata ungeniambia. Lakini ningejua." Akageuka. "Watu wangekuja hapa na karatasi mbele ya wateja wangu, Kasa. Mimi ningewabishia. Ningewaambia mwanangu analipa, nendeni mkaangalie vizuri. Ningeapa."

Kasa akaketi chini kwenye saruji yenye mafuta, gauni la Jumapili na yote, akakaa pale mpaka mzee aliporudisha kifuniko cha jokofu na kukaza skrubu zote nne.

"Kesho," mzee akasema, "tunakwenda wote."

Jumatatu walikwenda. Kasa aliomba ruhusa kazini, Mzee Baridi alivaa koti la misibani. Ofisi ya mikopo ilikuwa ghorofa ya tatu, viti vya plastiki vimepanga ukuta mzima, na juu yake wameketi vijana na wazazi, wote wanatazama viatu. Zamu yao ilipofika, Kasa alihisi ile hewa ya chini ya meli: inakuja nusu. Mzee akamshika kiwiko.

Karani alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Alipekua kwenye kompyuta, akapekua tena, akauliza mshahara ni kiasi gani. Kasa akataja.

"Kwa mshahara huo hukutakiwa kulipa laki mbili na kitu," karani alisema. "Kuna fomu ya wenye kipato kidogo. Ungekatwa kwa asilimia. Hukuijaza?"

"Sikujua."

"Imeandikwa kwenye barua ya kwanza. Ukurasa wa pili."

Ukurasa wa pili Kasa hakuwahi kuufungua. Barua ya kwanza aliisoma mistari mitatu, akaifukia chini ya glavu.

"Na faini za kuchelewa?" Mzee Baridi akauliza.

"Milioni moja na laki nane. Hizo zimeshaingia, siwezi kuzifuta. Angekuja mwezi ule wa kwanza zisingekuwepo."

Kasa alishika ukingo wa meza. Milioni moja na laki nane: hiyo haikuwa bei ya shahada wala ya bahari. Ilikuwa bei ya kuogopa, na ameilipia mwenyewe.

Karani akapiga hesabu. Angekatwa elfu themanini na mbili na mia tano kwenye mshahara kila mwezi, kiwanja kisiguswe ili mradi makato hayakatiki. Kama mshahara hautapanda, pamoja na riba, deni litaisha baada ya miaka kumi na tisa. Mzee Baridi aliomba arudie. Akarudia. Kasa atakuwa na miaka arobaini na sita. Alikubali, akasaini, na baba yake mdogo akasaini chini yake, safari hii baada ya kusoma kila mstari kwa kidole, watu wa foleni wakikohoa nyuma.

Kwenye ngazi mzee alisema, "Zile elfu sitini hazifiki themanini na mbili."

"Nitahamia chumba cha bei nafuu."

"Utarudi nyumbani," mzee akasema, na ndivyo ilivyokuwa. Kasa alirudi kulala chumba kimoja na Sindano, ambaye kwa wiki tatu alimsemesha kwa ndiyo na hapana tu.

Fomu ya Sindano haikupelekwa siku ile. Alikaa mwaka mzima karakanani, akajifunza kuchomelea mabomba ya shaba na kujaza gesi, akaweka akiba. Kila mtu alidhani amebadili mawazo. Mwaka uliofuata akapeleka maombi ya kozi ileile, na akaomba mkopo nusu ya ule wa kwanza. Kasa alimsihi achague kitu kingine. Alimsihi kwa machozi. Sindano alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza, "Umemaliza?" kisha akaenda zake chuoni.

Sasa ni mwaka wa tatu tangu siku ile ya ngazi. Kasa bado yuko kwenye chumba cha vigae vyeupe. Mshahara umepanda mara moja, elfu arobaini. Hofu haijamwacha, huja tarehe ishirini na tano ya kila mwezi, anapofikiria kiwanda kikifungwa makato yatatoka wapi, na huja pia akimwaza mdogo wake mita kumi na mbili chini ya maji. Ila simu anapokea, hata za namba ngeni, ingawa mara ya kwanza huwa anaikosa kwa kusitasita.

Likizo iliyopita Sindano alirudi, mweusi kwa jua, amenenepa kidogo. Jioni moja, wakiwa wameketi kila mmoja kwenye kitanda chake, akanyoosha mkono.

"Dada, nionyeshe karatasi yako ya mshahara. Si kusimuliwa. Nataka kuiona."

Kasa akaitoa kwenye mkoba. Ilimchukua muda kuiachia. Sindano aliisoma kuanzia juu, akifuata kila mstari kwa ukucha, midomo inahesabu bila sauti.

"Kumbe na bima wanakata," akasema.

"Wanakata."

"Na hiki ni nini, hiki cha elfu tatu?"

"Chama cha wafanyakazi."

Sindano akatikisa kichwa, akageuza upande wa pili kuona kama kuna maandishi mengine, na Kasa akabaki ameketi ukingoni mwa kitanda, roho mkononi, anamsubiri amalize.